Usiulize nani anaongoza: ninavyosoma tafiti za maoni kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza

Uchaguzi wa Uingereza ukinukia tu, kundi letu la WhatsApp hujaa chati. Mmoja anatuma, "Fulani anaongoza kwa pointi mbili!" Nusu saa haijapita, mwingine anatuma chati ambayo fulani huyohuyo yuko nyuma, na ubishi unaanza: nani muongo? Naishi Reading, mji wa England, miaka mingi sasa. Nimepiga kura hapa tangu 2010, na mwaka 2015 nilifanya kazi ya kuwapigia watu simu kwa ajili ya tafiti hizi hizi. Naomba nieleze ninavyozisoma. Sina chama ninachokipigia debe. Ninachotaka ni msibabaishwe, maana wengi wetu tuna haki ya kupiga kura hapa na hatujui.

Neno kwanza. Wakenya husema "kura ya maoni", lakini Tanzania ukisema hivyo wengi hufikiria mchujo wa wagombea ndani ya chama. Mimi nitasema utafiti wa maoni ili tuelewane. Na nikisema Uingereza nina maana ya nchi nzima: England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Tofauti hiyo itakuwa na kazi huko mbele.

Anza na viti

Bunge lina viti 650: England 543, Scotland 57, Wales 32, Ireland Kaskazini 18. Kila kiti ni jimbo, na jimboni anashinda aliyewapita wenzake, hata kwa kura moja. Hakuna duru ya pili, wala ile asilimia hamsini na kura moja waliyoizoea Wakenya kwenye urais. Waziri Mkuu mwenyewe hapigiwi kura na nchi. Anapatikana kwa hesabu ya wabunge.

Tazama jimbo moja tu, South West Norfolk. Mwaka 2019 Liz Truss wa chama cha Conservative alilichukua kwa tofauti ya kura zaidi ya 26,000. Baadaye akawa Waziri Mkuu. Mwaka 2024 chama cha Labour kilimng'oa kwa kura 11,847 dhidi ya 11,217 zake. Ukiishia hapo utadhani watu wa Norfolk wamegeuka kuwa Labour. Lakini shuka chini ya karatasi: chama cha Reform UK kilipata 9,958, na mgombea binafsi zaidi ya 6,000. Mshindi aliingia Bungeni na kama kura 27 katika kila 100. Waliokuwa wakimpa Truss kura walitawanyika, na Labour wakapita katikati.

Sasa zidisha hali hiyo kwa nchi nzima. Mwaka 2019 Labour walipata kura zaidi ya milioni 10 na viti 202, wakahesabiwa wamepigwa vibaya. Mwaka 2024 walipata kura milioni 9.7, yaani pungufu, wakavuna viti 411. Mwaka huohuo Reform UK walipata kura milioni 4.1 na viti 5, Liberal Democrat kura milioni 3.5 na viti 72. Rudia kusoma sentensi hiyo. Kati ya hivyo viwili, chenye kura nyingi zaidi kilipata viti vichache mara kumi na nne. Kura za Reform zilinyesha kama rasharasha, kila mahali kidogo. Za Liberal Democrat zilimwagika kwenye majimbo waliyoyalima kwa miaka, mengi yao kusini mwa England.

Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia, mwulize: kura hizo ziko wapi? Akishindwa kujibu, hajakuletea habari bado.

Jinsi namba inavyopatikana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliona kwa macho yangu.

Zamu ilianza saa kumi na moja jioni ikaisha saa tatu usiku. Hedifoni kichwani, kompyuta inapiga namba yenyewe, na kwenye skrini maswali ambayo huruhusiwi kubadilisha hata neno. Watu wengi walikata kabla sijamaliza kusema natoka wapi. Pembeni ya skrini kulikuwa na mgawo: wanawake wa umri huu wangapi, wanaume wa eneo lile wangapi. Wanawake wa makamo walijaa mapema. Wanaume wa miaka 18 hadi 24 walikuwa shida ya kila siku. Saa mbili na nusu inafika, bado tunawatafuta, na msimamizi anapita nyuma yetu akisema tupige tu mpaka mgawo ujae.

Nikimpata kijana, alikuwa wa namna gani? Karibu kila mara alikuwa anayependa siasa kwa moyo wote. Anajua jina la mbunge wake, ameangalia mdahalo, na kura yake ameshaamua zamani. Wenzake ambao hawana habari na uchaguzi, ambao ndio wengi, hawakushika simu yangu. Kwenye karatasi mgawo ulijaa vizuri kabisa. Lakini kijana mmoja mpenda siasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha vijana watano wasiopiga kura. Nilimwambia msimamizi. Akaniambia hiyo si kazi yangu, kuna watu wa takwimu ghorofani. Liliniuma, na bado linaniuma.

Mwaka ule wa 2015 tafiti za mwisho zilionyesha Conservative na Labour wako sawa. Conservative wakashinda kwa karibu pointi 7 na kupata wingi wa viti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Patrick Sturgis ilitoa ripoti mwaka 2016, ikasema kosa kubwa lilikuwa sampuli: waliohojiwa hawakufanana na nchi. Jambo kama hilo lilishatokea 1992, na mwaka 2024 tafiti za mwisho ziliipa Labour uongozi mkubwa kuliko zile pointi 10 walizopata.

Sisemi tafiti ni uongo. Nasema ni kipimo kilichoshikwa na mikono ya watu, na kuna mambo ya kukagua kabla ya kusambaza chati.

Kagua siku walizohoji watu, siyo siku habari ilipochapishwa. Utafiti unaotoka Jumapili unaweza kuwa umefanyika kabla ya tukio ambalo kila mtu analizungumza. Kagua idadi: kwa watu 1,000, kila namba inaweza kusogea kama pointi 3 juu au chini, kwa hiyo "kuongoza kwa pointi mbili" si kuongoza. Kagua wasioamua wamepelekwa wapi. Kampuni nyingine huwatoa kabisa kwenye hesabu, nyingine hukadiria watakwenda wapi kwa kuangalia walivyopiga kura mara iliyopita. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwafanya watafiti wawili waaminifu wapate majibu mawili katika wiki moja. Na kagua kama Ireland Kaskazini imo. Mara nyingi haimo, kwa sababu kule vyama ni vingine kabisa: Sinn Féin, DUP, SDLP, Alliance na wengine. Viti vyake 18 havionekani kwenye chati, lakini siku ya kuunda serikali vinaonekana sana.

Haya yote utayapata. Kampuni zilizo ndani ya British Polling Council, chombo kilichoanzishwa 2004, zinatakiwa kutoa majedwali kamili na maneno ya maswali yenyewe. Ukiona namba haina kampuni, haina tarehe wala jedwali, iache hapo ulipoiokota.

Halafu usishike utafiti mmoja. Chukua wastani wa tano au sita za karibuni, na ulinganishe kampuni na yenyewe: YouGov na YouGov wa wiki iliyopita, Ipsos na Ipsos wa mwezi uliopita. Kampuni moja ikiongeza chama fulani pointi moja, hiyo ni rasharasha. Zote zikisogea upande uleule kwa wiki tatu, kuna kitu.

Mifano ya majimbo

Siku hizi kuna tafiti zinazotoa jibu la kila jimbo, zinaitwa MRP. Wazo lake ni rahisi: wanahoji makumi ya maelfu ya watu, wanajifunza mtu wa umri fulani, elimu fulani na makazi fulani huelekea kupigia nani, kisha wanahesabu watu wa aina hiyo wako wangapi katika kila jimbo. Mwaka 2017 mfano wa YouGov ulisema Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May wa Conservative, atapoteza wingi wake, wakati karibu kila mtu alisema atashinda kirahisi. Ulikuwa sahihi.

Lakini usiufanye msahafu. Mwaka 2024 mmoja wa mifano hiyo uliwapa Conservative viti 53. Walipata 121. Mimi huusoma kwa kuangalia majimbo ambayo tofauti ni chini ya pointi 5. Yakiwa mengi, ile jumla kubwa kwenye kichwa cha habari inaning'inia kwenye uzi. Na sasa yanazidi kuwa mengi, kwa sababu mwaka 2025 tafiti nyingi zilianza kuonyesha Reform UK mbele na vyama vingine vinne vikigawana kilichobaki. Wakigombana watano jimboni, mtu anapita na robo ya kura. Mei 2025, uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, Reform waliwashinda Labour kwa kura 6.

Hesabu ya nani atakaa na nani

Nusu ya 650 ni 325, kwa hiyo wingi ni 326. Hiyo ndiyo namba utakayosikia. Kwenye daftari langu siitumii hivyo. Wabunge wa Sinn Féin hawakai Bungeni Westminster, na mwaka 2024 walichaguliwa 7. Spika na manaibu wake watatu hawapigi kura. Wanabaki 639, na mwenye 320 anaweza kutawala. Viti sita vinaonekana vichache mpaka siku ambayo ndivyo vinavyokosekana.

Baada ya hapo, fanya alivyofanya kila mtu baada ya uchaguzi wa Mei 2010: jumlisha. Conservative 306, Labour 258, Liberal Democrat 57. Conservative na Liberal Democrat ni 363. Labour na Liberal Democrat ni 315, bado hazifiki. Watu waliongea sana siku tano zile kuhusu nani anampenda nani, na ni kweli Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrat, alikuwa ameshasema chama chenye kura na viti vingi kina haki ya kuanza. Lakini hiyo 315 ndiyo iliyoamua. Tarehe 11 Mei Waziri Mkuu Gordon Brown wa Labour alijiuzulu, David Cameron wa Conservative akaingia, na nchi ikapata serikali ya mseto.

Uangalie vilevile mdogo alilipa nini. Liberal Democrat walikuwa wameahidi kupinga kuongezwa kwa ada za vyuo vikuu. Ndani ya serikali, ada zikapanda. Walipewa kura ya wananchi ya kubadilisha mfumo wa uchaguzi mwaka 2011, ikakataliwa na zaidi ya theluthi mbili. Mwaka 2015 walitoka viti 57 wakabaki na 8. Kila kiongozi wa chama kidogo Uingereza anaikumbuka namba hiyo, na ndiyo sababu siamini haraka mtu akisema "wataunda mseto". Njia nyepesi zaidi ipo: chama kidogo kinabaki nje ya baraza la mawaziri, kinaahidi kuunga mkono bajeti na kura za imani, na kinapewa kitu. DUP walifanya hivyo 2017 kwa wabunge 10. Makubaliano yao na Theresa May yalisainiwa 26 Juni, siku 18 baada ya uchaguzi, na Ireland Kaskazini ikapewa pauni bilioni 1 za nyongeza.

Kwa hiyo kiongozi akitamka kwenye kampeni "hatutaingia serikali ya mseto na hao", sikiliza alichokiacha. Hajakataa kuungwa mkono kura kwa kura. Hajakataa kutawala akiwa na wachache, kama Harold Wilson wa Labour alivyofanya 1974 kwa viti 301 dhidi ya 297 vya Edward Heath wa Conservative, na Heath ndiye aliyekuwa na kura nyingi zaidi nchini.

Na hapa ndipo kazi yangu ya simu inaponirudia. Mwaka 2015, kwa kuwa tafiti zilisema vyama viko sawa, kampeni nzima iligeuka kuwa mazungumzo ya nani ataungana na nani. Conservative walibandika mabango ya Ed Miliband, kiongozi wa Labour, amefanywa mdogo ndani ya mfuko wa koti la Alex Salmond wa SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge, ili wapiga kura wa England waogope serikali itakayoendeshwa na SNP. Miliband akatamka hatafanya mseto na SNP, na bado swali halikumwacha. Sare yenyewe haikuwapo. Watu waliogopa, au walitumaini, kwa namba ambazo sisi wenye hedifoni tulisaidia kuzitengeneza. Ndiyo maana nasema utafiti hausemi tu watu wanafikiri nini. Unawabadilisha pia.

Jimbo lako, kura yako

Karatasi zitaingia mlangoni zikiwa na chati ya nguzo: chama kimoja juu, kingine kinakaribia, wa tatu kafupi, na maneno "hapa ni mbio za farasi wawili tu". Vyama vyote hufanya. Mara moja nilipata ya namna hiyo, nikachukua rula. Nguzo ya pili ilikuwa imechorwa karibu sawa na ya kwanza, ilhali namba iliyoandikwa juu yake haikufika hata theluthi mbili. Kwa herufi ndogo chini ilisomeka kuwa matokeo yale ni ya uchaguzi wa madiwani wa kata moja. Kama unataka kupiga kura ya kimkakati, yaani kumpa yule wa pili ili wa kwanza asipite, tumia matokeo ya jimbo lako ya uchaguzi mkuu uliopita pamoja na mfano wa majimbo, siyo karatasi ya mlangoni. Hakikisha pia mipaka haikubadilika. Kabla ya 2024 ilichorwa upya karibu nchi nzima.

Na sasa lile ambalo wengi hawalijui. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye miaka 18, anaweza kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda: huhitaji pasipoti ya Uingereza. Lazima ujiandikishe, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya kura. Kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yako ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Usije na kadi ya kazi, utarudishwa. Uchaguzi ujao lazima ufanyike kufikia katikati ya Agosti 2029, lakini Waziri Mkuu anaweza kuuitisha mapema, na muda ukianza kwenda unakwenda mbio. Jiandikishe kabla haujatangazwa.

Usiku wenyewe

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Saa nne kamili BBC, ITV na Sky hutangaza utafiti wa waliotoka kupiga kura. Huu ni tofauti na zile za simu na za mtandaoni: mtu ameshapiga kura, anajaza nakala ya karatasi mlangoni, na vituo ni vilevile vya uchaguzi uliopita kadiri inavyowezekana, ili kupima mabadiliko. Timu ya Profesa John Curtice ndiyo inayoshughulikia hesabu hiyo. Mwaka 2015 ulisema Liberal Democrat watabaki na viti 10, na Paddy Ashdown, kiongozi wao wa zamani, akaahidi hewani kula kofia yake ikiwa ni kweli. Vilikuwa 8. Mwaka 2024 ulisema Labour 410.

Mimi nakaa na kalamu. Naandika namba ya kila chama, naanza na 320, najumlisha kila jozi inayowezekana, halafu kila utatu. Wenye 320 kwa njia moja tu, serikali ni hiyo. Njia zikiwa mbili, jiandae kwa siku kadhaa. Waziri Mkuu aliyepo haondoki asubuhi ile kwa sababu tu amepitwa. Anabaki Downing Street, kwenye makazi na ofisi yake, mpaka ionekane wazi nani anaweza kuungwa mkono na Bunge. Mwaka 1974 Heath alikaa tangu Ijumaa mpaka Jumatatu akijaribu kuwashawishi Waliberali.

Kipimo cha mwisho ni kura ya Bunge juu ya Hotuba ya Mfalme, ambayo ndiyo orodha ya mambo ambayo serikali mpya inataka kufanya. Desemba 1923 Conservative walikuwa chama kikubwa kuliko vyote, lakini Waziri Mkuu wao Stanley Baldwin alishindwa kura hiyo 21 Januari 1924, na kesho yake Ramsay MacDonald akaunda serikali ya kwanza ya Labour. Mwaka 2017 Theresa May aliipita kwa 323 dhidi ya 309. Ukiwatoa wale 10 wa DUP upande wake na kuwaweka upande wa pili, ni 313 dhidi ya 319.